Vyombo Saba Juu ya Jiko la Chipsi

Katika mwaka wangu wa pili kazini nililehemu vyombo saba vya muziki vya shule kwa risasi, na vingine vitatu nikavigandisha kwa gundi ya mbao, ili sauti zake zisibadilike tena. Nilifanya hivyo bila kumwambia mtu, kwa Jumamosi tatu mfululizo, na nilipomaliza niliridhika kuliko siku yoyote tangu nianze kufundisha. Naanza na kosa hilo kwa sababu ninyi walimu vijana mlioniaga mwezi uliopita mlinisifu sana kwa uangalifu wangu, nami nikakaa pale mbele na shada la maua shingoni, nikitabasamu kama mtu asiye na historia.

Nilipangiwa kufundisha useremala katika sekondari iliyo kati ya mji wa Tukuyu na Masoko. Nilikuwa kijana wa Nkunga, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni na rula ya chuma ambayo sikuiacha hata nilipokwenda kanisani. Siku ya kwanza niliingia karakana saa moja kasoro, nikapima meza zote za wanafunzi, nikakuta hakuna mbili zinazolingana. Siku ya pili nikaanza kuzikata miguu. Kila nilipofikia meza ya mwisho, ya kwanza ilikuwa imeshakuwa ndefu kuliko nyingine. Kufikia Ijumaa wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanaranda mbao wakiwa wamepiga magoti. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Marwa, mtu wa Tarime aliyevaa koti la mvua hata siku za jua kwa kutoiamini Rungwe, alikuja akasimama mlangoni, akaangalia kwa muda, akaniuliza kama nina mpango wa kuzifikisha sakafuni.

Vyombo vilikuja muhula uliofuata. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia tena, na sokoni Tukuyu kila mtu alikuwa amevaa koti la mtu wa Ulaya. Chama cha wenyeji wa Rungwe waishio Dar es Salaam kilipata mzigo wa mitumba kutoka nje, na katikati ya makoti wakakuta vyombo vya bendi: tarumbeta tano, pembe mbili, saksafoni tatu, tromboni moja na ngoma. Wakavileta kwetu kwa lori. Ndani ya pembe moja tulikuta soksi ya mtoto mchanga, na ndani ya nyingine nyigu walikuwa wameshajenga, sijui walipandia wapi.

Kwenye kikao Mwalimu Mkuu aliuliza nani kati yetu anajua muziki. Walimu wakaanza kusahihisha madaftari. Akauliza nani ana jiliwa na tupa. Wote wakanitazama mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa bendi, na nawaambieni ili msione ajabu mkipewa kitengo msichokisomea.

Nilijifundisha kusoma noti kwa kitabu nilichokipata kwenye rundo la mitumba, kisicho na jalada wala kurasa kumi za mwanzo, kwa hiyo muziki niliuanzia ukurasa wa kumi na moja. Nilijifunza kwa kuharibu. Mambo niliyoyapata kwa njia hiyo ni haya, na bado ni kweli: vitufe vya tarumbeta vilainishwe kwa mafuta ya cherehani, si ya kupikia. Kinywa cha tarumbeta, kile kipande cha kupulizia, kikikwama, usikivute kwa koleo. Kimwagie maji moto, subiri, kisha mpe msichana mwenye subira. Na ukitaka kuosha pembe kwa ndani, hakikisha kwanza nyigu wamehama, maana nilipoimwagia maji walitoka wote kwa njia moja na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake.

Kila Jumanne alikuja kunisaidia Mzee Asajile, mkulima wa kahawa kutoka Masoko, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya jeshi alipokuwa kijana. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena, kwa sababu, kama alivyosema, alisimama miaka kumi na minane karibu na ngoma kubwa. Alifundisha kwa matusi madogo madogo ambayo wanafunzi waliyapenda. Mtu akipuliza vibaya alimuuliza kama anafukuza nyani shambani. Mimi aliniita fundi meza. Siku moja alinikuta nimewapanga wanafunzi mstarini alfajiri, nikipima sauti ya kila chombo kabla hawajapiga hata wimbo mmoja, akaniita pembeni.

"Kijana wangu," akasema, "chombo kikiwa baridi usikiulize kitu. Mwache mtoto akipulize kwanza, kipate joto lake, ndipo umsikilize."

Nikamjibu ndiyo mzee, na wala sikumzingatia. Nilidhani anasema hivyo kwa sababu hata yeye asubuhi alikuwa haulizwi kitu kabla ya chai. Kitabu changu hakikusema lolote juu ya joto. Huenda lilikuwa ukurasa wa sita.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Kila tarumbeta ina kibomba kilichopinda ambacho unaweza kukivuta nje au kukisukuma ndani. Ukikivuta, sauti inashuka; ukikisukuma, inapanda. Ndivyo wapigaji wanavyokubaliana. Mimi nilikuwa nawapeleka wanafunzi kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye kanisa la mawe lililo jirani, ambako kuna kinanda cha kukanyaga, ili walingane nacho. Mnajua baridi ya kanisa la mawe la Tukuyu mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeingia hadi madhabahuni. Tulihangaika saa nzima, tukavisukuma vibomba vyote ndani kabisa, tukalingana na kinanda hadi machozi yakanitoka. Jumatatu nikirudi karakana nakuta kila mtoto amevuta cha kwake huku na kule. Nikawauliza kwa nini. Wakasema, Mwalimu, mchana chombo hakikai sawa. Nikaona ni utovu wa nidhamu.

Nilikosa raha kiasi cha kushindwa kula. Nilikuwa nikisahihisha madaftari naacha, naenda kuangalia vibomba. Mwishowe nikachukua chuma cha kulehemu na risasi, vile vile tunavyotumia kuziba ndoo, nikavilehemu vibomba vyote saba vya tarumbeta na pembe mahali pale vilipolingana na kinanda. Saksafoni hazina kibomba. Zina kinywa kinachosogea juu ya kizibo laini. Nikavibandika kwa gundi ya mbao. Nikapaka na rangi kidogo ili kovu lisionekane. Kazi ilikuwa safi, lazima niseme, na wanafunzi walipokuta vibomba havivutiki hawakuthubutu kuniuliza.

Tromboni tu ndiyo iliyonishinda, kwa sababu tromboni yote ni bomba la kuvuta. Ukiilehemu huna tena tromboni, una bomba. Mpigaji wake alikuwa Atupele, msichana wa kidato cha tatu kutoka Kisiba, mrefu, mtulivu, mwenye tabia ya kukutazama baada ya wewe kumaliza kusema kana kwamba bado anasubiri jibu. Alikuwa hapigi mahali palipoandikwa, alikuwa anatafuta. Mkono wake haukutulia. Nilimchorea alama kwenye bomba kwa tupa, saba, kwa vipimo, nikamwambia asimame hapo hapo. Akasema ndiyo Mwalimu. Akaendelea kutafuta. Nakiri kwamba nilimwogopa kidogo, nikaugeuza woga huo kuwa ukali.

Baada ya mwaka mmoja na nusu barua ikaja kutoka kwa mwenyekiti wa kile chama cha wenyeji. Bendi yetu ilialikwa Dar es Salaam, ipige Jumapili alasiri katika ukumbi ambao kila mwenye redio nchini aliujua kwa jina, ambako bendi kubwa za dansi zilirekodiwa na watu walivaa viatu vya kung'aa. Tungepiga nyimbo mbili peke yetu, na wa tatu pamoja na bendi ya ukumbi yenyewe. Wanafunzi walisoma barua hiyo ubaoni wakairudia tangu mwanzo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ukurasa wa pili Mwalimu Mkuu hakuubandika. Alinisomea ofisini. Mwenyekiti aliandika kwamba shule moja ya mjini Dar imeviomba vyombo vile, ina mwalimu aliyesomea muziki, na baadhi ya wanachama wanaona Tukuyu vinaota kutu. Wanachama watakuwepo ukumbini, wasikilize wenyewe. Bendi ikiwa haifai, vyombo vitabaki huko huko Dar.

Mwalimu Marwa alikunja barua. "Wewe ni mwangalifu," akaniambia. "Sina wasiwasi."

Mimi nilikuwa nao wa kututosha sote wawili.

Tulisafiri kwa treni kutoka Mbeya. Niliwataka wanafunzi wote wavae sweta za shule zenye rangi moja, kuanzia shingoni hadi kiunoni, safari nzima, ili tusije tukaonekana wahuni. Hadi Makambako amri hiyo ilikuwa sahihi. Tulipoteremka bondeni, baada ya mahandaki, hewa iliingia dirishani kama imetoka kwenye sufuria, na watoto wa Masoko na Kisiba ambao hawakuwahi kuona joto la namna ile walinitazama, na mimi nikatazama nje. Saa tisa mpiga ngoma akazirai kidogo. Ndipo niliporuhusu sweta zivuliwe, kwa utaratibu, kuanzia kidato cha nne.

Abiria waliona vyombo wakaomba wapigiwe. Walipiga behewani, abiria wakacheza kwenye ujia, na mama mmoja wa Ifakara akawagawia wote maembe. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza. Kulikuwa na kitu. Wote walikuwa pamoja, hakuna aliyekosea, lakini wimbo ulikuwa umekaa juu ya mahali pake, kama kofia iliyowekwa juu ya kofia nyingine. Sikuwa na kinanda cha kulinganisha. Nikajiambia ni treni.

Ukumbini tulifika Jumapili saa nne asubuhi kufanya majaribio. Niliutarajia mkubwa zaidi. Ulikuwa na jukwaa la mbao lililolika katikati, mapanka ya dari ambayo hayakuzunguka, paa la bati lililokuwa likilialia kwa jua, na piano moja nyeusi ya zamani. Zamani ukumbi ulikuwa wa shirika la umma. Mfanyabiashara aliyeukodi alikuwa amepaka ukuta wa mbele rangi mpya na wa nyuma akauacha. Kiongozi wa bendi ya ukumbi aliitwa Bwana Salumu, mpiga tarumbeta mnene, mpole, aliyevaa kandambili na saa mbili za mkononi. Aliwasalimia wanafunzi wetu mmoja mmoja kwa mkono, akauliza majina, akaketi nao. Mwalimu Marwa na mwenyekiti wa chama walikaa safu ya kwanza. Nje, ng'ambo ya mlango wa nyuma ulioachwa wazi kwa ajili ya upepo, mama mmoja alikuwa anamenya viazi vya chipsi.

Tulianza na ule wimbo wa pamoja. Bwana Salumu alimpa ishara mpiga piano, mpiga piano akaingia, bendi yetu ikaingia, na sauti iliyotoka nashindwa kuieleza kwa heshima. Mpiga piano aliinua mikono kama aliyechomwa. Tukarudia. Safari hii nilisikia wazi kwamba katika vyombo kumi na kimoja kuna kimoja kinachopiga tofauti na vingine vyote, na kilikuwa tromboni.

Nikasimamisha. Mbele ya watu wote nikamwambia Atupele arudi kwa wenzake, aache kutangatanga, alama nimemwekea.

"Mwalimu, nimemfuata mwenye piano," akasema Atupele. "Sisi tunaweza kusogea. Yeye hawezi."

Bwana Salumu akamwomba apige na piano peke yake. Wakapiga. Ilikuwa safi kabisa, na nzuri hata mpiga piano akatabasamu. Kisha Bwana Salumu akawaomba waliobaki wapige na piano bila Atupele. Ikatoka ile sauti ya mwanzo. Wote kumi walikuwa juu ya piano, kwa kiasi kisichofika noti inayofuata. Walikuwa wamekaa pale katikati ambapo piano haina kitufe.

"Hamna neno," akasema Bwana Salumu, "ni joto. Mmetoka kwenye baridi, hapa vyombo vinapanda. Haya wanangu, vuteni vibomba kidogo."

Hakuna aliyevuta. Wanafunzi walinitazama mimi. Bwana Salumu akachukua tarumbeta ya aliyekuwa karibu yake, akavuta. Akavuta tena, akiwa ameibana kwapani. Akavaa miwani, akaigeuza, akakwangua rangi yangu kwa ukucha.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii imelehemiwa. Imelehemiwa na nani?"

Nikasema zilikuja hivyo kutoka Ulaya.

Sijui kwa nini nilisema. Mwenyekiti wa chama, aliyezipokea bandarini kwa mikono yake, alikuwa mita tatu kutoka nilipo. Bwana Salumu aliinua tarumbeta kwenye mwanga, akaichunguza kwa upole, akasema Ulaya hawalehemu kwa mtindo wa taa za koroboi. Mpiga piano akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi nilimwona Atupele. Hakuwa anacheka wala hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama vile vile, baada ya mimi kumaliza kusema, akisubiri.

Basi nikasema. Nilisema yote, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza sikuweza kunyamaza: Jumamosi tatu, kinanda, risasi, gundi, rangi. Nilitaja hata nambari ya msasa niliotumia. Niligeuka kwa wanafunzi nikawaambia kwamba walipoona mchana hakikai walikuwa sahihi, na mimi niliwaadhibu kwa kusikia vizuri. Nikamwambia Atupele mbele ya wote kwamba nilikuwa namwonea. Akasema, "Haya, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayepokea daftari lake.

Mwenyekiti alisimama akasema kwamba ameelewa, na kwa heshima ya watoto afadhali wasipande jukwaani alasiri ile; vyombo vitapelekwa kwa fundi, kisha kwenye ile shule ya mjini. Hakuongea kwa ukali. Mpiga pembe wetu mdogo, ambaye sweta yake bado ilikuwa imefungwa kiunoni, aliikumbatia pembe kana kwamba mtu ameshakuja kuichukua.

Hapo nilifanya jambo pekee ambalo nililijua kweli maishani mwangu, yaani ufundi wa risasi. Risasi huyeyuka kwa moto mdogo. Haihitaji karakana. Nikamwomba mwenyekiti anipe muda wa saa tatu. Nikavua tai, nikabeba tarumbeta mbili, nikatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwa yule mama wa chipsi, nikampa shikamoo ingawa tulikuwa rika moja, nikamwomba jiko lake.

Aliitwa Mama Rehema. Aliniangalia, akaangalia tarumbeta, akaangalia nyuma yangu ambako wanafunzi kumi walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

"Kaka, nyinyi mmetoka wapi?"

"Tukuyu."

"Huko mnakula hivi?"

Akaliteremsha karai la mafuta, akatuachia mkaa. Sharti lake moja tu: bendi ikianza, mlango wa nyuma usifungwe, asikie.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na mnaweza kuiandika. Unashika chombo kwa kitambaa kilicholoweshwa ili joto lisipande mbali. Unakizungusha juu ya mkaa polepole, kama unachoma ndizi, hadi risasi ing'ae. Mmoja anapepea mkaa kwa kipepeo, mmoja anavuta kibomba kwa koleo, mmoja anahesabu. Ukikawia, maungio mengine ya chombo nayo yanaanza kulegea, maana nayo ni ya risasi. Gundi ya saksafoni ilitoka kwa maji ya moto ambayo Mama Rehema alikuwa ameyaweka kwa ajili ya chai. Bwana Salumu alikuja na kandambili zake, akaketi kwenye kreti la soda, akawa anapokea kila chombo kilichotoka, anakipaka mafuta, anakijaribu, anasema kinachofuata.

Mwalimu Marwa naye akaja. Alisimama na koti lake la mvua katika jua lile la Dar, akatazama jiko, tarumbeta, wanafunzi wakipepea.

"Nieleze kama mtu asiyejua muziki," akaniambia. "Tunapika nini?"

Nikamwambia kwamba bado pembe moja. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akachukua kipepeo. Hilo sikulitegemea, na sijamsahau nalo.

Pembe ya mwisho niliikawiza. Nilitaka kusafisha masalia ya risasi vizuri zaidi, sekunde chache tu, kwa tabia yangu ile ile, na kengele yake, ule mdomo mpana wa mbele, ikaachana na mwili wake ikaanguka kwenye viazi. Mpiga pembe mdogo akaiokota. Mwalimu Mkuu aliangalia saa, akafungua tai yake, ya hariri, akaifunga pembe ile kwa fundo ambalo alisema kwao Tarime hufungia ndama.

Kabla ya kupanda jukwaani niliwapanga mstari, nikafungua mdomo niwaambie wavute kiasi gani. Nilikuwa nimeshahesabu kichwani. Nikaufunga. Nikamwomba mpiga piano awapigie noti moja na kuirudia, nikaenda kusimama karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo nisingefikia chombo chochote. Walipuliza kwanza, kila mtu peke yake, fujo tupu, kama dakika tano. Kisha nikaona mmoja anavuta kidogo, anasikiliza, anarudisha. Mwingine anamgeukia jirani yake. Atupele anashikilia noti moja ndefu katikati yao, na wao wanamfuata mmoja mmoja, hadi zile sauti kumi na moja zikawa zimekaa pale piano ilipo.

Ukumbi ulijaa saa tisa. Wenyeji wa Rungwe walikuja na wake zao, na wazee wawili waliokuwa wakisalimiana kwa Kinyakyusa kwa sauti ya shambani hadi taa zilipopunguzwa. Vyombo vyetu vilikuwa vyeusi kwa masizi, mashati meupe yalikuwa na alama za mikono, na pembe moja ilivaa tai. Wimbo wa kwanza tuliuanza haraka mno. Wa pili tarumbeta ya tatu iliingia kabla ya zamu yake, ikaona haya, ikatoka, ikaingia tena. Niliandika makosa tisa nyuma ya programu. Wimbo wa tatu, pamoja na bendi ya ukumbi, nilisahau kuandika. Watu walisimama kucheza kabla ya ubeti wa pili, Bwana Salumu alimwachia Atupele nafasi yake mwenyewe ya kupiga peke yake, ambayo hatukuwa tumeifanyia majaribio hata mara moja, na msichana yule alitafuta kila mahali isipokuwa kwenye alama zangu, akapata. Mmoja wa wale wazee alipiga kelele, "Ndaga fijo!", yaani asanteni sana. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Mama Rehema alikuwa anacheza na mwiko.

Baadaye mwenyekiti alipanda jukwaani pamoja na wanachama watatu. Walivizunguka vyombo wakiviangalia kwa karibu: masizi, alama za koleo, pale rangi ya dhahabu ilipobabuka, na ile tai. Wanafunzi walikuwa wamesimama nyuma yake, na mimi nyuma ya wanafunzi. Mwenyekiti alijaribu kibomba kimoja, kiliteleza vizuri. Akafuta vidole kwa leso, akawauliza wenzake kwa Kinyakyusa, wakajibizana kidogo, mmoja akatikisa kichwa akicheka.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "rudini navyo. Ile shule ya mjini nikiwapelekea hivi, watanirudishia."

Mwalimu Marwa akamshukuru kwa niaba ya jumuiya nzima ya shule. Nami hadi leo sijui kama tulipewa vyombo vile kwa sababu ya wimbo wa tatu au kwa sababu ya jiko, na nimeacha kutafuta.

Niliongoza bendi hiyo hadi mwezi uliopita, na makosa mengine nimeyafanya, lakini hayakuwa ya siri. Kilichobadilika ni kimoja. Tangu Jumapili ile sijagusa kibomba cha chombo cha mwanafunzi. Wanapuliza kwanza, wanasikilizana, wanalingana wenyewe, na mimi nasubiri nikiwa nimeweka mikono mfukoni.